Kumtwika na Kumtua: Safari ya Mama Apolinaria Kasimiri, Kutoka Tura Hadi Igalula

Kabla hatujamsindikiza Mama yetu hatua iliyobaki, ukoo wa Mzee Kasimiri Mayala na ukoo wa Mzee Silasi Ngollo wanaomba muwasikilize kidogo, mjue alikotoka, alichokifanya, na jinsi alivyotuaga.

Apolinaria Kasimiri Mayala alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Machi 1952, katika nyumba za gengi la wafanyakazi wa reli pale Tura, mashariki ya Tabora. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Kasimiri Mayala, fundi wa njia ya reli, na Mama Elieth. Treni ilipopita nyumba nzima ilitetemeka, na Mama Elieth alipenda kusema kwamba mtoto huyu alijifunza kusimama kwa kushika ukuta unaotikisika, ndiyo maana hakuna kilichomwangusha baadaye.

Babu yake, Mzee Mayala, aliishi nao. Katika ujana wake, kabla reli haijafika, alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo begani mpaka pwani na kurudi, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Tura ilikuwa kambi ambako misafara iliyotoka pwani ilipumzika ikishavuka pori la Mgunda Mkali, na mzee alizijua sheria za njia ile kama wengine wanavyojua sala.

Siku moja Apolinaria alirudi kisimani na vibuyu viwili, kimoja kichwani na kingine mkononi. Mdogo wake Mektilda alikuwa nyuma akirusha mawe, mikono mitupu. Babu akamsimamisha.

"Hicho cha mkononi ni cha nani?"

"Cha Mektilda, babu. Alikuwa analia kwamba kizito."

"Sasa umemsaidia au umemwibia?"

Apolinaria hakuelewa. Mzee akamwambia kwamba mpagazi akimwona mwenzake anahangaika na mzigo, humtwika. Wakifika kambini, humtua. Lakini hambebei njiani angali ana miguu, kwa kuwa anayebebewa leo huzoea ulegevu, na kesho msafara humwacha porini. Apolinaria akakitua kibuyu, akamwita Mektilda, akamtwika. Mektilda alifika nyumbani akiwa amelowa maji mwili mzima, lakini alifika nacho. Yuko hapa leo, na anakumbuka.

Apolinaria alianza darasa la kwanza Tura mwaka 1960. Mwaka 1964 alipelekwa shule ya bweni ya masista mjini Tabora, akapanda treni na sanduku la bati ambalo baba yake alikuwa amelipaka rangi iliyobaki ya behewa. Alisoma kwa bidii, si kwa wepesi. Mwaka 1969 alichaguliwa kusomea uuguzi, akahitimu mwishoni mwa 1972, na mara moja akapangiwa hospitali moja upande wa Nzega.

Huko ndiko alikopata somo ambalo alilisimulia kwa wanafunzi wake maisha yake yote, na aliagiza lisiachwe siku ya leo.

Aliletwa wodini Bibi Ng'washi, mama mzee kutoka vijiji vya kuelekea Igunga, akiwa na homa ya mapafu. Binti yake alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo, kwa hiyo aliyekuja kumuuguza ni mume wa binti, kijana aitwaye Fikiri. Ilikuwa wodi ya wanawake, lakini Fikiri alivumiliwa kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Alikaa kando ya kitanda tangu asubuhi, bakuli la uji mkononi, mpole kama kondoo. Bibi alifumba mdomo na kugeukia ukuta.

Apolinaria alikuwa na miaka ishirini, ana sare mpya na haraka nyingi. Alimkaripia. "Bibi, kula! Dawa haifanyi kazi kwenye tumbo tupu." Akachukua kijiko, akalazimisha, na uji ukaishia kwenye mto. Ikaandikwa kwamba mgonjwa hana hamu ya chakula. Homa ilikuwa imeshuka, lakini Bibi alikuwa anazidi kukonda, na yakaanza mazungumzo ya kumwingizia mpira wa chakula puani.

Asubuhi moja Apolinaria aliwahi kabla ya jamaa kuruhusiwa kuingia. Akamsalimu Bibi kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Bibi akafungua macho, akaitika vizuri, akashusha kanga iliyokuwa usoni, hata akauliza mvua imenyesha wapi. Mara Fikiri akatokea mlangoni na birika. Kanga ikapanda usoni tena, na Bibi akawa ukuta mtupu.

Apolinaria alisimama pale kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Akamvuta kijana nje.

"Kaka, huyu ni mama yako mzazi?"

"Mama mkwe wangu, sista."

"Nyumbani mnakula pamoja?"

Fikiri akacheka kwa aibu. "Na mama mkwe? Hata njiani tukikutana, mmoja anaingia porini apishe."

"Na humu umeingia na bakuli la uji, unataka umlishe!"

"Nifanyeje, sista? Nimeambiwa mgonjwa lazima awe na mtu. Na mtu mwenyewe ndiye mimi."

Siku hiyo Fikiri alihamishiwa barazani. Alipika uji, akachota maji, akafua, na kila kitu kikapitia dirishani. Apolinaria hakushika kijiko tena. Alimwinua Bibi, akamwekea mto mgongoni na bakuli mikononi, akaondoka. Aliporudi bakuli lilikuwa tupu, na Bibi akamwambia, "Mwanangu, mimi sikuwa na ugonjwa wa tumbo. Nilikuwa na mkwe."

Wodi nzima ilicheka, lakini Apolinaria hakucheka mpaka miaka mingi baadaye. Kilichomuuma ni kwamba desturi ile aliijua tangu utotoni. Kwao Tura aliiona kila siku. Alipovaa sare aliivua pamoja na kanga yake, akaitundika mlangoni. Tangu hapo aliweka nadhiri ya kutomgusa mgonjwa kabla hajauliza huyu ni mtu wa nani, anaogopa nini, anamheshimu nani, na nyumbani asubuhi huwa anafanya kazi gani.

Tarehe 26 Julai 1975 alifunga ndoa na Silasi Ngollo, fundi seremala wa Igalula. Walijuana Silasi alipokuja kurekebisha meza za hospitali ile. Silasi alikuwa Mmoravian, na wazee wa pande zote mbili walikaa vikao hadi chai ikawaishia. Apolinaria alisubiri wamalize, kisha akasema kwa adabu kwamba yeye ataolewa na Silasi, na kwamba anawaomba wazee wasaidie kupanga nyimbo. Misa ikafanyika Katoliki, kwaya ikaja ya Moravian, na wanaokumbuka wanasema haijatokea harusi yenye sauti nzuri kama ile. Mungu aliwajalia watoto watatu, Octavian, Martha na Sylvester.

Mwaka 1983 alipelekwa Dar es Salaam kwa masomo ya uuguzi wa afya ya jamii. Huko alifundishwa nadharia za uuguzi, kwamba mgonjwa si kiungo kinachouma bali ni mtu mzima, mwenye mwili, mawazo, jamaa na imani, na kwamba kazi ya muuguzi ni kumsaidia mtu ajitunze mwenyewe kadiri anavyoweza. Alifundishwa pia kwamba uzee si maradhi, na kwamba afya hujengwa kisimani, jikoni na shambani kabla ugonjwa haujabisha hodi. Wenzake wengi waliyakariri kwa ajili ya mtihani. Yeye aliporudi alimwambia mumewe, "Silasi, babu aliniambia nusu ya haya. Hawa walimu wamenipa nusu ya pili, na sababu zake. Sasa sina kisingizio."

Kwa kweli hakujipa kisingizio. Kuanzia 1985 hadi alipostaafu mwaka 2012 alifanya kazi hospitali ya Kitete, mjini Tabora, na wazee walikuwa kipaumbele chake. Kwetu sisi, heshima ya mzee ni kufanyiwa. Mzee akiugua, watoto hushindana kumlisha, kumbeba na kumzuia asiguse hata ufagio. Mama aliiheshimu nia hiyo, lakini alipambana na matokeo yake, maana aliona wazee wakiingia hospitali kwa miguu na kutoka wamebebwa, si kwa ugonjwa bali kwa kulazwa na mapenzi. Mzee aliyekuwa akichambua maharage nyumbani alipewa sinia la maharage kitandani. Aliyekuwa akienda kutazama ng'ombe asubuhi alisimamishwa dirishani atazame hata baiskeli. Jamaa wengine walilalamika kwamba nesi huyu anawatumikisha wazee. Aliwajibu kwa sentensi ile ile kila mara: "Mimi natwika na kutua. Kubeba, kila mtu na mzigo wake."

Silasi naye aliingizwa kazini bila barua. Kwa mbao za mninga alitengeneza fremu za kutembelea, imara, zenye mishikio laini. Alilalamika kwamba mkewe anampa oda nyingi kuliko makanisa yote mawili.

Alipostaafu alirudi Igalula, akaanzisha kikundi cha wazee wakakiita Tusimame. Walilima mchicha na mlenda, walipimana presha, na siku za treni walitembea pamoja hadi stesheni na kurudi. Mtu akiwauliza wanampokea nani, Bibi Maua, ambaye ndiye mkubwa wao, hujibu, "Hatujui bado. Labda leo atashuka mchumba." Kikundi kile kipo mpaka leo, na mnakiona pale mbele, kimesimama.

Silasi alifariki tarehe 3 Juni 2016. Mama alibaki katika nyumba yao, akilima, akipika, akiwa na nguvu zake.

Tarehe 8 Novemba 2022 alipata kiharusi, na upande wa kulia ukalegea. Alitibiwa vizuri, tunawashukuru madaktari na wauguzi. Aliporuhusiwa, Martha na mumewe Erasmus walimchukua kwao, mtaa wa Kitete. Erasmus ni mkwe mwema, na siku ile, kwa kuona mama anahangaika kushuka garini, alimnyanyua kwa mikono yake miwili mpaka kitandani. Mama alifumba macho njia nzima. Alipolazwa alimnong'oneza Martha, "Mkwe wangu amenibeba. Baada ya hapo kuna aibu gani tena imebaki duniani?"

Alitunzwa kama yai. Martha alimwosha uso, akamvalisha, akamlisha, akamfunika. Mama alisema anataka kurudi Igalula, nyumbani kwake, ajitunze. Martha alisikia hayo kama maneno ya mgonjwa, akamjibu kwamba atapona kwanza. Lakini Mama alijua mwili wa mzee usipotumika husahau, na kwamba kila wiki iliyopita pale kitandani ilikuwa inamfungia mlango wa nyumba yake.

Alianza na kikombe. Alipomaliza chai, alikisogeza kwa mkono wa kushoto mpaka kwenye beseni, akakiosha. Siku moja walikuwepo wageni, shangazi zake Erasmus kutoka Nzega. Mmoja akasema, "Jamani Martha, mama anaosha vyombo na wewe umekaa?" Martha aliruka, akakinyakua kikombe.

"Martha," Mama akasema, bila kupaza sauti. "Unanisaidia au unaniibia?"

"Mama, watu watasema sikukutunza!"

"Watu wanasema wakiwa wamekaa. Mimi nataka kusimama."

Martha alilia jikoni. Jioni aligundua jambo jingine lililomtia hofu zaidi, kwamba Mama, tangu akatae kulishwa, mezani alikuwa hali chakula. Alikuwa anagusa tonge moja na kusema ameshiba. Martha akaanza kuzungumza habari ya kumrudisha hospitali. Kicheko kikamtoka Mama, kicheko kizito ambacho hawakuwa wamekisikia tangu augue.

"Mwanangu, nimekuwa Bibi Ng'washi."

Martha aliijua hadithi ile tangu utotoni. Akamtazama mama yake, mkono wa kulia umelala pajani, wa kushoto umefichwa chini ya kanga. Akamtazama Erasmus upande wa pili wa meza, anakula zake. Ndipo akaelewa kwamba mama yake asingeweza kula kwa mkono wa kushoto mbele ya mkwe wake, hata kama angekufa njaa, na kwamba kwa miezi mitatu yeye, mtoto wa muuguzi, hakuwa ameuliza.

"Unataka nikufanyie nini, Mama?"

"Unitwike. Basi."

Wakapatana hapo hapo. Siku ambayo Mama atatoka kitandani mpaka getini bila kushikwa na mtu, atapelekwa Igalula. Octavian alileta fremu ya mninga ambayo baba yao aliitengeneza kwa ajili ya mgonjwa fulani wa zamani. Mama alikuwa akila chumbani kwake, kwa mkono wa kushoto, akashiba. Erasmus alijifunza kukohoa kabla ya kuingia ukumbini, ili mama ajiweke sawa. Martha alijifunza jambo gumu kuliko yote, kuizuia mikono yake isimshike.

Mama alianguka mara kadhaa. Mara moja alianguka kwenye ndoo ya maji, akakaa pale akiwa ametota, akamwambia Martha aliyekuja mbio, "Usininyanyue. Nipe fremu, halafu unicheke kidogo, maana hata mimi najiona." Mvua za masika zikapita, kiangazi kikaingia, naye akawa anafika mlangoni, kisha kwenye ngazi, kisha kwenye mti wa limau.

Siku aliyofika getini ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Erasmus alisikia fremu ikigonga kwenye changarawe. Alikuwa nje, akalivuta geti likafunguka, na kwa heshima akampa mama mkwe mgongo, asimtazame akihema.

"Karibu nje, Mama," alisema bila kugeuka.

"Ahsante, baba," Mama akajibu. "Mwambie mkeo afungashe."

Agosti 2023 alirudi Igalula kwa treni, kama alivyotaka. Martha alitangulia kushuka, mikono wazi chini yake kama mtu anayengoja yai lidondoke, lakini hakumgusa. Kikundi cha Tusimame kilikuwa stesheni, na Bibi Maua akapiga kelele, "Si niliwaambia? Kaja mwenyewe!"

Aliishi nyumbani kwake karibu miaka miwili. Alijipikia kwa mkono mmoja, alipalilia akiwa amekaa kwenye kigoda, na alimshauri kila aliyepita kuhusu maji, chumvi na mazoezi, aulizwe asiulizwe.

Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, Martha alikuwa amekuja kumtembelea. Asubuhi walikaa barazani wakimenya karanga za mbegu. Zilipobaki chache, Mama akamwambia, "Nenda kawashe moto. Hizi namalizia mwenyewe." Martha alikwenda. Aliporudi, maganda yalikuwa kwenye ungo, karanga kwenye kikapu, zote, na Mama ameegemea nguzo, mkono wake wa kushoto umefunguka juu ya paja. Daktari amesema ni kiharusi cha pili, na kwamba hakuteseka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Mchana ule Martha na wanawake wa ukoo walimwosha. Kwa miaka miwili Mama hakuwa amemruhusu binti yake amwoshe hata uso. Martha alianza na mkono wa kulia, ule uliolegea, kisha wa kushoto, uliofanya kazi ya yote miwili. Aliosha polepole, akieleza kila anachofanya kabla hajakifanya, kama Mama alivyowafundisha wauguzi wake. "Sasa nakugeuza, Mama. Sasa nakufunika."

Jeneza mnaloliona ni la mninga, limetengenezwa na Octavian kwa mbao alizoziacha baba yake.

Marehemu ameacha watoto watatu, Octavian, Martha na Sylvester. Wakwe watatu, wajukuu tisa na vitukuu wawili. Mdogo wake Mektilda na kaka yake Adriano. Pamoja na wazee wa Tusimame, ambao yeye aliwahesabu kuwa ukoo.

Mkwe wetu Erasmus ameomba ashike upande wa mbele wa jeneza. Mama alitufundisha kwamba desturi ni ya kuulizwa, si ya kudhaniwa, kwa hiyo tumewauliza wazee wa pande zote, nao wameridhia.

Mama, maisha yako yote ulikataa kubebwa. Leo uturuhusu, ni mwendo mfupi tu, mpaka pale alipolala Silasi. Tukifika, tutakutua. Pumzika hapo kwa amani ya Mungu, maana mzigo wako umeubeba mwenyewe hadi kambini.